Mwiba Usioiva

Uliangalia kando. Usijitetee, tulikuona. Ulisalimiana na mwanamke wa shamba la maua pale steji ya Isinya, ukashika kiganja chake, ukahisi kitu. Kiganja kilikuwa baridi, tena laini kama cha mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mtu anayekata waridi kutwa nzima hana njia ya kuwa na kiganja cha namna hiyo. Ulihisi vizuri sana. Ukarudisha mkono wako, ukaupangusa kwenye suruali, ukaulizia habari za mvua. Basi leo kaa usikie yaliyompata mwenye kiganja hicho, kwa maana safari hii hadithi itakufuata mpaka nyuma ya nyumba yako.

Mwenye kiganja anaitwa Namunyak. Ila aliyeona yote kwa macho yake ni dada yake mkubwa, Resian, anayeuza maziwa Isinya katika kichumba nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi. Resian anajulikana kwa maziwa, na anajulikana zaidi kwa sindano. Mchungaji akichomwa na mwiba uliovunjikia mguuni, hapelekwi zahanati. Anapelekwa kwa Resian.

Watu wa mifugo wana sheria moja juu ya mwiba, na sheria hiyo ni ya zamani kuliko barabara ya Namanga. Mwiba wa mgunga ukikuchoma na kichwa chake kinaonekana, utoe papo hapo. Ukizama, uache. Usiuchimbue. Acha uive. Mahali pale patakuwa pekundu, kisha patakuwa na moto, kisha patapiga kama ngoma ndogo, halafu patachomoza kichwa cheupe. Siku hiyo hata mtoto akibonyeza kwa vidole viwili, mwiba unaruka nje pamoja na maziwa yake. Maziwa ya mwiba: ndivyo bibi yao alivyouita usaha.

“Mwili unajua mgeni wake,” bibi alikuwa akisema. “Kazi yako wewe ni kungoja.”

Kwa hiyo jioni ile Namunyak alipoingia kichumbani akiwa ameshika mkono wake wa kulia kama anayebeba yai, Resian hakushtuka.

“Takwenya, mtu wa maua,” akamsalimu Kimaasai.

“Iko,” Namunyak akaitikia. “Dada, toa sindano yako.”

“Hiyo mkono imefanya nini?”

“Waridi. Hii nyekundu ya kwenda ng'ambo, miiba yake ni kama misumari ya fundi.”

Resian akauvuta mkono mpaka dirishani. Mwiba ulikuwa chini ya kidole gumba, umezama wote, na ulionekana wazi ndani ya ngozi kama unyoya uliogandia kwenye mshumaa.

“Umeenda chini. Acha uive.”

“Nilijua utasema hivyo! Wewe ungekuwa daktari, watu wangekufa wakingoja.”

“Na wewe ungekuwa mgonjwa, daktari angekufa kwanza kwa maneno.”

Wakacheka. Namunyak akanywa kikombe cha maziwa, akaaga, akaenda zake. Kicheko hicho Resian anakisikia mpaka leo, na hakimfurahishi.

Sasa elewa jambo moja juu ya shamba lile, ambalo sitalipa jina kwa sababu lina wenzake. Ndani ya zile nyumba za plastiki kuna ngazi ya heshima. Msichana anapoajiriwa kukata waridi, vidole vyake vinafura kama ndizi mbivu. Usiku halali, mchana hashiki kijiko. Wenzake wanamcheka: “Angalia vidole vya maziwa! Rudi kwa mama yako ukakamue mbuzi.” Anavumilia. Miezi inapita, na siku moja anagundua kwamba miiba inachoma lakini vidole havifuri. Hapaumi, hapawi pekundu, hapatoki kitu. Siku hiyo supavaiza wao, mama mmoja wa Nyeri anayeitwa Waruguru, anauchukua mkono wake wakati wa chai, anaugeuza kwenye mwanga, anatangaza:

“Huyu amezoea. Damu yake imejua kazi.”

Wanawake wanapiga vigelegele. Msichana anapewa zawadi kutoka stoo: pipa tupu la bluu, lile la dawa ya ukungu wa waridi, aende nalo nyumbani akawekee maji. Kama hujaishi Kitengela au Isinya, utasema pipa ni nini. Kama umeishi, ambapo mfereji hukohoa upepo na lori la maji huja likitaka, unajua kwamba msichana mwenye pipa lake ameanza maisha.

Pipa la Namunyak walilisugua pamoja. Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, wamefunga leso viunoni. Resian alichukua mchanga na waya wa kusugulia sufuria, akasugua ile karatasi iliyobandikwa ubavuni, yenye maandishi madogo madogo ya lugha ya mbali, huku wakiimba pambio. Akasugua mpaka pipa likang'aa. Hakuna aliyesoma.

Kwa hiyo mwiba wa Namunyak ulipokataa kuiva, nani angeogopa? Alikuwa amezoea. Damu yake ilijua kazi.

Kila alipopita kuchukua maziwa, Resian alimuuliza, “Umeiva?”

“Bado.”

“Inauma?”

“Haiumi hata. Nimesahau iko.”

Resian akabonyeza. Ngozi ilikuwa ya kawaida, baridi kidogo. Mwiba ulikaa pale pale, mweusi, mzima, kama umelazwa kitandani na kufunikwa shuka. Kulikuwa na kitu kingine ambacho Resian alikiona na hakukitamka. Chumba cha maziwa kina nzi, hilo halifichiki. Walitua mezani, wakatua kwenye mdomo wa mtungi, wakatua kwenye mikono ya Resian mwenyewe. Kwenye mkono wa Namunyak hawakutua. Walikuja mpaka karibu, wakauzunguka, wakageuka.

Kisha akafa Mulei.

Mulei alikuwa mpiga dawa shambani, jirani wa Namunyak kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mtu wa Makueni mwenye mzaha mwingi. Alikuwa akivaa ile ovaroli nyeupe na barakoa na kuwatisha watoto kwamba yeye ni malaika. Mchana mmoja alikula chapati, akamtania mke wake, Mukai, kwamba chapati zake zinaweza kushona viatu, akasema anajinyoosha kidogo. Hakuamka. Hakuwa na homa. Hakuwa amekohoa. Hakuwa na kidonda ambacho mtu angekiona.

Mukai hakuwa na ndugu wa karibu, basi Resian akamsindikiza Kitengela kumvalisha mume wake. Mhudumu wa mochari akawafunulia. Mukai akauinua mkono wa mumewe autie kwenye mkono wa shati, akaganda.

“Resian,” akasema kwa sauti ndogo. “Njoo uone hii kitu.”

Kiganja cha Mulei kilikuwa kimejaa miiba. Si mmoja wala miwili. Chungu nzima, myeusi, mizima, imelala chini ya ngozi kwa mistari kama pini kwenye mto wa fundi cherehani. Kuzunguka kila mwiba hapakuwa na kovu, wala wekundu, wala uvimbe. Ngozi ilikuwa imejifunga juu yake kimya kimya, kama mlango wa nyumba ambayo mwizi ameshaingia.

“Alikuwa ananishika na hii mkono kila siku,” Mukai akasema. “Kila siku. Na mimi nilikuwa nasema iko laini.”

Mhudumu akawa anatazama ukutani. “Mimi nimekaa na hawa watu wangu miaka mingi,” akasema. “Mtu akifa na uchafu mwilini, unamjua kutoka mlangoni. Lakini wa kutoka maua…” Akaifunika ile mikono. “Wa kutoka maua hawana harufu.”

Resian alitoka nje akasimama juani, na hapo baba yake akamrudia kichwani.

Sisi tunasahau haraka, na walio juu wanapenda hivyo. Resian hakusahau. Mwaka ule shamba lilipochimba mtaro wa maji machafu, kondoo wa baba yao, mzee Kisemei, walianza kufa kando ya mtaro. Kila mchungaji anajua pa kutazama mnyama akifa: anapasua chini ya sikio, anatafuta tezi. Ugonjwa ukiingia, tezi hufura kama yai, kwa sababu mwili umepigana. Mzee Kisemei alipasua kondoo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tezi zilikuwa ndogo kama maharagwe, tena za kijivu. Akaweka kisu chini, akasema, “Hawa wamekufa bila kupigana.” Alikwenda nazo kwenye baraza, zikiwa kwenye jani, akawaonyesha wakubwa. Aliambiwa ni ukame. Ukame! Na nyasi mwaka ule zilikuwa zimefika magotini. Watu walicheka, mzee akarudi nyumbani na jani lake. Tuliokuwa pale tunawakumbuka waliocheka, mmoja mmoja.

Kutoka mochari, Resian hakwenda dukani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye ploti ya dada yake.

Namunyak alikuwa ametoka kazini, amekaa kwenye kigoda mlangoni akimenya viazi kwa mkono wa kushoto. Midomo yake ilikuwa na vidonda vyeupe pembeni.

“Umenawa mikono yote ya mochari kabla uniguse?” akatania.

“Leo umechomwa wapi?”

“Ati nini?”

“Leo. Kazini. Nionyeshe mahali umechomwa leo.”

Namunyak akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Palikuwa na nukta mbichi, bado ina alama ya damu. Resian akaingia ndani, akachukua waridi lililovunjika shingo ambalo Namunyak alikuwa amelitia kwenye chupa ya soda, akalishika shina, akajichoma mwiba kwenye kidole chake mwenyewe cha shahada, kina kile kile. Akauvunjia ndani.

“Dada! Umerogwa?”

“Nataka kuona nani ataiva.”

“Wewe nawe. Mimi nimezoea, wewe hujazoea. Hiyo ndiyo utaona.”

“Tutaona.”

Resian alilala hapo. Asubuhi, jua likiingia kwa mlango, waliweka vidole viwili juu ya stuli, kimoja kando ya kingine, kama watu wanaolinganisha pete. Kidole cha Resian kilikuwa chekundu, kimefura, kina moto, kinapiga. Kilikuwa kinamuuma mpaka kwenye kwapa. Kidole cha Namunyak kilikuwa kizuri. Ile nukta ilikuwa imefunga. Ungedhani hakijawahi kuguswa na kitu duniani.

“Si nilikwambia?” Namunyak akasema. “Wewe ndiye mgonjwa.”

“Nionyeshe ule mwiba wa zamani.”

Namunyak akageuza kiganja cha kulia, akatabasamu. Ili amwonyeshe dada yake kwamba hapana shida, akaweka kidole juu ya ule mwiba, akabonyeza.

Kidole kikazama.

Hakikuzama kama kinavyozama kwenye nyama laini. Kilizama kama kwenye sabuni iliyolala ndani ya maji. Namunyak alipokitoa, shimo lilibaki, halikurudi, na ngozi kandokando yake ilikuwa na rangi ya majivu ya jana. Hakuna damu. Hakuna harufu. Uso wake haukukunjamana hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Resian kupita yote.

“Dada,” Namunyak akauliza polepole, “nimebonyeza mpaka wapi?”

Safari ya Kitengela haikuwa rahisi, kwa sababu hata hapo Namunyak alitaka kwenda kazini. Ilikuwa ni ule wakati wa kuelekea Februari, watu wa ng'ambo wanapopelekeana waridi, na shambani hakuna ruhusa hata ya kufiwa. “Nikikosa leo, Waruguru ataweka mtu,” alisema. Resian akamshika mkono ule wa kushoto, akamvuta kama mbuzi wa sadaka, mpaka kwenye maabara ndogo ya mtu anayeitwa Wasike, nyuma ya maduka ya vyuma.

Wasike ni mtu mnene, mcheshi, asiyependa kukaa kimya. Alipouona ule mkono, alifunga mlango wa maabara. Aliwatoa damu wote wawili, akawasha taa ya hadubini.

“Mama, usaha ni nini?” akamuuliza Resian.

“Uchafu.”

“Hapana. Ni maiti za askari. Damu yako iko na askari weupe wanazunguka mchana na usiku. Hawakusomeshwa mahali, wamezaliwa wakijua kazi. Kila mmoja yuko na vipokezi nje ya mwili wake, vidogo hata hii mashine haiwezi kuvionyesha. Fikiria vidole vya kipofu. Anapapasa, anapapasa. Sasa bakteria naye amevaa koti, koti ya mafuta na sukari ambayo mwili wa mtu hauvai. Kidole kikigusa ile koti, askari anajua: huyu si wetu. Anapiga kelele, wenzake wanasikia. Damu inakuja, joto linakuja, pale mahali panafura. Wanakula adui mpaka wanakufa hapo hapo.”

“Hiyo ni kuiva,” Resian akasema.

“Hiyo ni kuiva. Kumbe unajua, na mimi najichosha hapa. Njoo uone zako.”

Akaweka tone la damu ya Resian kwenye kioo, akalichanganya na kitone cha maji ya mtaro wa nje ya maabara, yaliyojaa vijidudu, akapasha kioo joto kwa taa. Resian akainama. Mwanzoni aliona ukungu tu. Kisha akaona kitu kikitembea. Kilikuwa kama tone la uji lenye akili, kinajivuta, kinasita, kinatoa kijimkono mbele, kinapapasa. Kando yake palikuwa na vijiti vidogo vinavyotetemeka. Kile kitu kikagusa kijiti kimoja. Kikasimama. Kikageuka mzima mzima, kikakikumbatia kile kijiti, na kijiti kikawa kimo ndani, kinahangaika, kikatulia. Kutoka pembeni wakaja wengine. Kidole cha Resian kilipiga, na akahisi kana kwamba anawasikia.

“Sasa za dada yako.”

Uwanja ulikuwa mtupu. Wasike alisogeza kioo huku na huku, akasogeza tena. Vijiti vilikuwa vimejaa, vinacheza kwa raha, hakuna wa kuviuliza vimetoka wapi. Resian alikuwa karibu kuinua kichwa, alipomwona mmoja. Askari mmoja tu, anajikokota. Akaja mpaka kwenye vijiti. Akavigusa. Akapita katikati yake, polepole, hakugeuka, kama mtu anayepita ajali barabarani akiangalia kando. Vijiti vikamfuata nyuma, vikaanza kumshikilia, naye akawa bado anatembea.

Resian akakaa chini bila kuambiwa.

“Hao wachache waliobaki, vidole vyao vimekufa ganzi,” Wasike akasema. “Wanagusa na hawajui wamegusa. Ndiyo maana hana homa. Ndiyo maana haumii. Kengele haijalia. Hakuna mtu amemwambia mwili kuna vita.”

“Na mimi hapa nikafikiri nimezoea,” Namunyak akasema kutoka kwenye benchi.

Hospitali ya Kajiado walimwingiza siku hiyo hiyo. Daktari, mama mmoja kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, aliupasua mkono, akitarajia usaha. Yalitoka maji ya kijivu. Nyama ilikuwa imekwisha kimya kimya mpaka juu ya kiwiko, na Namunyak alikuwa ameubeba mkono huo kazini jana yake, akikata waridi nao. Walikata kilichokufa. Wakamweka chumba cha peke yake, mtu haingii bila barakoa, hata ua haliingii. Dawa zikaingia kwa mirija.

“Dawa hizi zinamsaidia askari,” daktari akamwambia Resian kwenye korido. “Hazipigani badala yake. Nikijua ni sumu gani imeua askari wake, nitajua niipige wapi, pengine uboho wa mifupa yake utaamka na kutengeneza wengine. Nisipojua, nabahatisha, na mwili wake hauna siku nyingi za kubahatisha. Hiyo dawa ya ukungu uliyonieleza, ya mapipa ya shamba, inaitwaje?”

“Nitaleta jina,” Resian akasema.

Alikwenda shambani. Meneja, bwana Kiama, alimpokea vizuri, akampa kiti na chai. “Pole sana, mama. Mwambie daktari ni dawa ya ukungu tu. Imeruhusiwa.”

“Iko na jina.”

“Majina ni ya kitaalamu, mama, utayachanganya. Tulishaacha kuitumia, hata stoo haiko. Na dada yako, kusema ukweli, alikuwa na afya sana. Mikono mizuri.”

Resian hakuinywa chai ile. Akarudi mbio kwenye ploti, akaenda kwa pipa la Namunyak. Lilikuwa linang'aa. Akapitisha kiganja ubavuni mahali ile karatasi ilipokuwa, akahisi mikwaruzo ya waya, mikwaruzo yake mwenyewe, ya Jumapili ile ya pambio. Akaenda kwa pipa la Mukai. Linang'aa. Akaenda ploti ya pili, ya tatu. Mapipa ya bluu yalikuwa yamesimama nyuma ya kila nyumba, yamejaa maji ya kunywa, safi, hayana neno.

Asubuhi iliyofuata wanawake wa zamu walimkuta langoni. Hakubeba bango. Aliinua kidole chake cha shahada juu, kimefura, chekundu kama nyanya, na kichwa cheupe kimechomoza kwenye ncha. Alikuwa hajautoa mwiba.

“Nani ana hii?” akauliza. “Nani kati yenu ana hii? Nionyesheni!”

Wanawake wakasimama. Mmoja akacheka, “Vidole vya maziwa, mama mzima!” kisha kicheko kikakosa wa kukipokea. Wakaanza kutazama mikono yao. Mikono mingi, mizuri, ya baridi.

Waruguru akatoka langoni akipiga makofi. “Resian! Unaharibia watoto wa watu kazi. Zamu imeanza.”

“Waruguru, nipe mkono wako.”

“Sina muda ya mchezo.”

“Nipe tu.”

Labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba yeye mkono, miaka yote aliyokuwa akiwageuzia wenzake mikono kwenye mwanga. Akautoa. Resian akaugeuza. Ndani ya nyama ya kidole gumba, mwiba, mweusi, mzima.

“Ulichomwa lini?”

Waruguru akautazama kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. “Sijui,” akasema. “Hii… hii si ni ya wakati wa Krismasi? Ama ile Krismasi ingine?”

Resian akamshika, akamnong'oneza sikioni: “Jina, Mama. Namunyak anangoja jina.”

“Siku zote ni mimi nilikuwa nawaambia msugue hizo pipa,” Waruguru akasema. “Ili zikae safi. Zile zingine hatukuwapa nyinyi. Niliuzia watu. Lori ilipeleka Kitengela, ikapeleka Embulbul, zingine soko ya ng'ombe Kajiado ya kunywesha mifugo. Wale hawakusugua, Resian. Watu wa kununua hawana hiyo bidii. Waligeuza tu maandishi ikaangalia ukuta.”

Hapo ndipo hadithi imefika. Haijaisha. Namunyak amelala Kajiado nyuma ya kioo, hana homa, haumwi popote, na anaendelea kuisha. Resian amekaa kwenye benchi la korido, mwiba wake ameutoa, umeruka na maziwa yake, ameufunga kwenye kitambaa. Daktari anapita, anamtazama, anauliza kwa macho. Jina bado.

Na wewe uliyepangusa kiganja kwenye suruali, ninajua uko na nini nyuma ya nyumba yako. Ulilinunua kwa bei nzuri, ukafurahi. Limesimama karibu na choo, ama chini ya mfereji wa paa, bluu, na ubavu wake mmoja umeuegemeza ukutani kwa sababu ulikuwa na karatasi chafu. Watoto wako wanachota humo. Kaka yako hajapata jipu mwaka mzima na mnamsifu kwa damu nzuri. Ulipita hapo asubuhi hii. Uligusa, ukapita.

Weka hii chini. Usimalize chai. Nenda nyuma ya nyumba, limwage, ligeuze, usome kilichoandikwa ubavuni, herufi kwa herufi, hata kama ni lugha usiyoijua. Nakili. Peleka Kajiado, korido ya mwisho, kwa mwanamke mwenye kidole kilichofungwa kitambaa. Na ukiwa njiani, mshike mkono kila unayempenda, uugeuze kwenye mwanga.

Nenda sasa.